Sukari Niliyoiungama

Mkitaka kujua ulikuwa mwaka gani, msiniulize namba, namba niliwaachia walimu. Ulikuwa mwaka wa chai na ndizi. Mkate ulikuwa umeshaondoka Kampala mwaka uliotangulia, chumvi ilikuwa bado haijaondoka, na sukari ilikuwa hadithi ya wakubwa. Asubuhi mama alimimina chai ya rangi kwenye vikombe vya bati, akamgawia kila mtu kindizi kimoja kibivu, zile ndogo tamu za kumenya, nasi tukanywa hivi: unauma ndizi kidogo, unaibana chini ya ulimi, unapiga funda la chai, unafumba macho, unajidanganya. Mchana posho, ule ugali wetu wa mahindi, na maharage. Jioni posho na mchuzi wa yale maharage ya mchana. Ndio mwaka huo.

Juzi mjukuu wangu Doreni, anayesomea upishi, aliingia jikoni kwangu akaanza kuunguza sukari. Kuunguza kwa makusudi, jamani, kwenye sufuria yangu, ati apate rangi ya keki. Ile harufu ilitoka jikoni ikanikuta nimekaa na redio yangu, ikaniinua kwenye kiti kama mtu aliyeitwa jina. Nilikwenda nikasimama mlangoni. Doreni akaniuliza mimi bibi yake, "Jaja, unalia moshi?" Nikamwambia azime jiko aje akae. Nina wajukuu kumi na mmoja, hakuna hata mmoja mpumbavu, hilo naliandika mapema lisije likasahaulika, lakini hata huyu mwerevu kuliko wote ilibidi nimweleze mara mbili. Sasa nawaeleza nyinyi. Niliishia darasa la sita, kwa hiyo mkiona sentensi imechechemea, isaidieni ivuke.

Tulikaa Naguru, kambi ya polisi, kwenye zile nyumba za bati za duara tulizoziita yuniporti. Chukua kopo, lipindue, likate mlango, ingiza watu saba. Mvua ikinyesha, mtu anaweza kukutukana mbele ya uso wako usisikie. Jua likiwaka, mshumaa unainama wenyewe juu ya meza. Baba alikuwa koplo, mtu wa Nile Magharibi, mrefu, maneno machache, viatu vyake viling'aa kuliko sahani zetu. Yeye alizaliwa Mwislamu, mama alibatizwa, na sisi watoto tulikula Idi na Krismasi, zikipatikana.

Nyumbani kwetu kulikuwa na amri moja iliyozidi zile kumi: usiseme. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi mtu aliweza kutoka kununua kiberiti asirudi, na kiberiti kikarudi. Mama alikuwa na msemo wake: "Mdomo ni mlango, na mlango wa askari haukai wazi." Baba hakuwa na misemo. Aliniambia tu kwamba nikiulizwa baba amekula nini, niseme sijawahi kumwona akila. Nikakua hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilikuwa nimefungwa vizuri kama mfuko wa unga.

Halafu akaja Dada Peresi.

Dada Peresi alikuwa mwalimu wa kushona na kufuma, mwanamke mfupi, mweusi tii, mwenye pengo la mbele lililomfanya apige mluzi kidogo kila alipotaja jina la Yesu. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya matofali chini ya kilima. Kanisa lake lilikuwa mojawapo ya yale madogo ambayo redio ilitangaza yafungwe, na kweli lilifungwa, kufuli kubwa kama kichwa cha mtoto. Yeye akasema kufuli limefunga mbao. Akachukua wasichana kumi na mmoja wa kambini na wa jirani, akatuita nyumbani kwake kila Jumamosi saa kumi alasiri, kila mmoja na kulabu yake ya kufumia na uzi mweupe. Mpita njia akichungulia, aone darasa la vitambaa vya meza. Tulikuwa tunasali midomo ikicheza chini chini na vidole vikicheza juu. Kitambaa changu hakikuvuka mzunguko wa tatu mwaka mzima. Nilikifuma, nikakifumua, kikawa cheusi kama soksi. Mama alijua tunasali. Baba alijua tunafuma. Kila mtu alikuwa na kiasi chake cha habari, kama mgao wa posho.

Sitaki mdhani tulikuwa tunakwenda kule kuimba tu. Yule mwanamke alitulea. Mama zetu walikuwa wakali na wamechoka. Mambo ya mwili walitufundisha kwa kofi. Dada Peresi alikata shuka lake kuukuu vipande, akatuonyesha namna ya kukunja kitambaa cha mwezi, namna ya kukifua, namna ya kukianika chini ya kanga mtu asikione, na hakucheka, wala hakuona haya. Alitufundisha barabara pia. Wakubwa wa jeshi walikuwa na tabia ya kusimamisha gari kando ya msichana. Alituambia, "Gari likisimama, macho yako yasimame chini, miguu isisimame." Akatupanga mstari tukafanya mazoezi sebuleni kwake, mmoja ni gari, mmoja ni msichana. Loy, mmoja wetu, ndiye aliyekuwa gari bora. Alinguruma mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, na Dada Peresi akamwambia mtoto ana kikohozi.

Sasa ile desturi. Watu wa Dada Peresi waliiita kuingia nuruni. Kila Jumamosi, mwishoni, msichana mwenye kitu moyoni alisimama, akaweka kulabu chini, akasema dhambi yake mbele ya wote, kwa jina lake, bila kuipaka unga. Siri, alisema Dada Peresi, ni kama panya: ukimwachia giza anazaa. Ukishamaliza kusema, wote waliimba kwa sauti ndogo, wakaja kukukumbatia mmoja mmoja, na Dada Peresi wa mwisho, akakushika uso kwa mikono miwili akakuita binti yangu. Mama yangu, Mungu amlaze pema, hakuwa mtu wa kushika uso wa mtu. Nilikuwa nakitaka kile kitu kuliko nilivyotaka mbingu.

Tatizo langu lilikuwa kwamba sikuwa na dhambi ya maana. Loy alikuwa nazo. Loy alikuwa binti wa askari wa gereza la Luzira, alikuja kukaa na shangazi yake kambini, na alikuwa na mama wa kambo. Mama wa kambo ni shamba la dhambi, unavuna tu. Jumamosi moja aliungama kwamba alimwombea yule mama chungu chake kipasuke, na kikapasuka, na akafurahi. Alilia makamasi yakamfika kidevuni. Wote tulilia. Alikumbatiwa mpaka nywele zikavurugika. Mimi nikisimama nasema nilichelewa kuamka. Nilimjibu kaka yangu vibaya. Hakuna anayemwimbia mtu aliyechelewa kuamka. Wananipigapiga begani, basi.

Kisha sukari ikaja kwetu.

Ilikuja jioni moja ndani ya koti la mvua la baba. Polisi walikuwa wamevamia maghala ya magendo Nakivubo, wakakamata mafuta, sabuni na sukari, na nadhani kila askari aliyekwenda mwepesi alirudi mzito. Baba alilaza koti kitandani kama mtoto mgonjwa, akalifungua, ikatokea nusu gunia. Mama alishika mdomo. Hakusema asante wala hakusema umekosea. Alitoa mablanketi kwenye sanduku la bati la chini ya kitanda, akaitia sukari, akairudishia mablanketi juu. Akanigeukia. "Yunia, umeona nini?" Nikasema sijaona kitu. Miaka ile mtu wa magendo aliweza kusimamishwa mbele ya bunduki, na askari aliyeiba mali iliyokamatwa, sijui wangemfanya nini. Neno lililotajwa nyumbani lilikuwa Luzira tu, na lilitajwa mara moja.

Mimi sikuona. Kidole changu ndicho kilichoona, hiki hapa cha shahada. Mama akienda bombani, nilitambaa chini ya kitanda, nikainua pembe ya blanketi, nikakitumbukiza mpaka kifundo, nikakilamba gizani huko na harufu ya dawa ya nondo. Chembe zililia katikati ya meno. Wiki nzima. Na katikati ya kulamba, siwafichi, nilifurahi mara mbili: moja kwa utamu, moja kwa sababu hatimaye nilikuwa nimepata dhambi.

Jumamosi nilisimama wa kwanza. Niliweka kulabu chini. Nikasema kama nilivyojifunza, bila unga: "Mimi Yunia nimeiba. Nyumbani tuna sukari kwenye sanduku, mama amenikataza, na mimi kila siku nailamba kwa kidole, halafu nasema sijaona kitu." Nikaongeza machozi kidogo. Yalikuja yenyewe, nilikuwa nimeyangojea miezi mitano.

Hakuna aliyeimba.

Kumi na mmoja sisi, na Dada Peresi wa kumi na mbili, na hakuna aliyeinuka kunikumbatia. Leo najua kwa nini. Nusu ya wale wasichana hawakusikia dhambi yoyote, walisikia sukari. Nusu nyingine walikuwa watoto wa askari kama mimi, walisikia kambi na Luzira. Loy alinitazama mdomo wazi. Dada Peresi alikuwa ameshika kulabu yake hewani, na uzi ukajichomoa taratibu, kitanzi baada ya kitanzi. Akaomba sala fupi ya haraka, kama mtu anayefukuza kuku, akatuambia tufume. Nilisimama pale nikingoja mikono. Nilidhani labda nimeungama vibaya. Nilidhani labda dhambi yenyewe ilikuwa ndogo.

Wenzangu walipoondoka alinizuia. Akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Hiyo sukari ipo kweli?"

"Ipo, Dada."

"Jumamosi ijayo utasimama useme ulidanganya. Hakuna sukari. Ulitaka wenzako wakupende."

"Lakini sikudanganya, Dada."

"Najua," alisema. "Na mtu yeyote akikuuliza kabla ya Jumamosi, mwambie vilevile. Nilidanganya kikundini kwa Mwalimu Peresi. Sema nikusikie."

Sikuweza kusema. Huyu ndiye aliyenitoa mfukoni, akanifungua kamba, akanimwaga, sasa ananiambia nirudi nijifunge. Akanishika uso kwa mikono miwili, ndiyo, siku hiyo alinishika, lakini mikono ilikuwa baridi, na hakuniita binti yangu. Nikawaza: amekwisha kunitupa.

Tulipanda kilima pamoja. Alimwita mama nje, wakazungumza kando ya kamba ya nguo, vichwa karibu, wanawake wawili ambao hawakuwahi kupendana. Dada Peresi alishuka bila kuniaga. Nilingoja kipigo. Mama hakunipiga. Alikaa chini, palepale kwenye vumbi, mama yangu ambaye hakuketi mchana hata akiumwa, na hilo liliniogopesha kuliko fimbo.

Aliyetuinua alikuwa Mama Zaituni, jirani wa mlango wa pili. Alikuwa Mnubi, mjukuu wa wale askari wa zamani kutoka Sudani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza samaki, na alisikia kila kitu kwa sababu kuta za bati hazifichi, na kamba ya nguo ndiyo kabisa. Alikuja na karai lake la nguo mbichi. "Leta," akasema. Mama akauliza, na dini yako? Mama Zaituni akajibu kwamba Mola wake atamuuliza mengi siku hiyo, lakini sukari ya jirani hajawahi kuisikia kwenye orodha. Wakaimimina ndani ya karai kwenye kitambaa, wakafunika kwa nguo mbichi, akaibeba kichwani mchana kweupe mbele ya kambi nzima, akitembea kama malkia. Kosa lao lilikuwa zile nguo mbichi. Sukari ikapata maji. Ilipofika kwake ilikuwa inadondoka, tone, tone, kutoka mlango wetu mpaka mlango wake, na Jumapili asubuhi sisimizi wakawa wamechora barabara nyeusi kati ya nyumba mbili, nyembamba, imenyooka, kama iliyopigwa rula na mtu wa serikali. Mama alifagia, wakarudi. Alimwaga majivu, wakazunguka majivu.

Baba aliambiwa hiyohiyo Jumapili. Hakupandisha sauti. Alichukua kiatu kimoja, akakipaka rangi, akakisugua mpaka kikawa kioo, na kingine akakisahau kabisa. Akanena, bila kunitazama, kwamba nikiulizwa niseme tulikuwa tunafuma, hakuna aliyesema lolote kule, ni vitambaa tu. Mama akakata: "Aseme hajui kitu. Hajui sukari, hajui vitambaa, hajui hata jina lake." Na Dada Peresi alikuwa ameshasema niseme nilidanganya. Hesabuni wenyewe. Watu watatu niliowapenda, kila mmoja na uongo wake, na wote watatu walinilea wakiniambia Mungu hapendi uongo. Nililala nao usiku kucha kama watoto watatu kitandani, kila mmoja anavuta blanketi.

Jumatatu nilipotoka shule, wamefika.

Walikuwa wawili. Mmoja afande wa ofisi kuu, tumbo mbele, kalamu na daftari mkononi. Wa pili alivaa kiraia, suruali pana chini, viatu vya kisigino kirefu, na huyu ndiye aliyefanya uani pawe kimya. Watu wa viatu vile tuliwajua, ndio waliomchukua mtu aliyetoka kununua kiberiti. Sanduku lilikuwa nje, limefunguliwa, mablanketi yametupwa juani. Halikuwa na kitu. Mama alikuwa amelisugua kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni haikuwepo. Baba alisimama wima kando ya mlango, mikono ubavuni, kiatu kimoja kinawaka na kimoja kijivu. Na Mama Zaituni, Mungu ampe kivuli, alikuwa amekalia kigoda chake katikati ya uwanja, juu kabisa ya ile barabara ya sisimizi, gauni limetandazwa pande zote, anachambua maharage. Sisimizi walimpanda. Niliwaona wakitokea kwenye shingo ya gauni. Hakujikuna.

Yule wa viatu virefu aliniita kwa kidole. "Ndiyo huyu mwenye dhambi tamu?" aliuliza, na akacheka, na afande akacheka kwa sababu mwenzake amecheka. Nikaelewa kwamba wanajua. Neno langu la nuruni lilikuwa limetembea kwa miguu yake mpaka kwao. Nilimfikiria Loy na mdomo wake wazi, na nikamchukia hapohapo, kwa nguvu, kama mtu anavyoshika nguzo.

Afande akafungua daftari. Akauliza kwa Kiswahili cha kambi, "Wewe mutoto. Jumamosi, kwa nyumba ya mwalimu, ulisema nini? Sema yote."

Nilitafuta ule uongo wa baba, nikakuta nimeshika wa mama. Nilitafuta wa Dada Peresi, ukaanguka. Nilimtazama mama, mama alikuwa anatazama sanduku. Nilitafuta na ukweli pia, siwafichi, ulikuwa karibu kuliko vyote, umekaa ulimini, na nilitaka kuutoa ili yaishe. Vyote vinne vikagongana mlangoni hakuna kilichopita. Kilichotoka kilikuwa kile kilichobaki chini:

"Niliyosema nilimwambia Mungu. Wewe sikuambii."

Afande alinipiga kofi. Halikuwa la kuua, lilikuwa la kiofisi. Sikio langu likaimba kwa muda mrefu.

Ngojeni niwaambie sasa yale niliyoyaelewa baadaye, kwa sababu siku ile sikuelewa kitu, na mtu akiwaambia kwamba mtoto wa miaka kumi na mitatu alisimama pale kwa ushujaa, mkatalieni. Kijana anayewafundisha wajukuu wangu kanisani, yule mwenye gitaa, aliniomba nije niwasimulie vijana habari za ujasiri. Nilimwuliza ujasiri upi. Nilikuwa nimechanganyikiwa tu, kama mbuzi katikati ya barabara, na mbuzi akisimama si kwamba ameshinda magari.

Baba hakwenda Luzira, sanduku lilikuwa tupu na daftari nalo likarudi tupu. Baada ya wiki mbili alipewa uhamisho kwenda Karamoja, mbali kule kaskazini mashariki, akakaa kule miaka mitatu, sisi tukabaki. Hakuwahi kunitajia jambo lile, si kwa wema wala kwa ubaya. Darasa la vitambaa lilikufa siku hiyohiyo. Dada Peresi alihama kabla ya Jumamosi kufika, hakuna aliyejua ameenda wapi. Loy nilimnyima salamu miaka ishirini. Tulikuwa tukikutana Nakivubo sokoni, yeye anauza viatu, mimi nyanya, nami nageuza shingo. Nilikuwa na hakika kama nilivyo na hakika ya jina langu.

Kisha Dada Peresi akaniita. Nilikuwa na watoto wanne tayari. Alikuwa mgonjwa kwa ndugu zake, nje ya mji, kitandani, mdogo kama mto wa kulalia, na pengo lilikuwa limepata wenzake. Akaniambia nikae. Akasema ana jambo la kuleta nuruni. Nikamwambia, Dada, mimi na nuru tuliachana. Akasema, "Kaa, Yunia. Ni mimi."

Jumamosi ile, aliponifundisha kudanganya, hakulala. Jumapili asubuhi alikwenda kwenye ushirika wa watu wazima, waliokuwa wakikutana kwa mtu, akasimama kama alivyotufundisha tusimame, akasema: nimemwambia mtoto aseme uongo. Wakamwuliza uongo gani. Naye, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kweli, akajibu. Hakutaja jina. Alisema binti wa askari wa Naguru, akasema sukari. Aliimbiwa, alikumbatiwa. Mmoja wa waliomkumbatia alikwenda nyumbani akamwambia mumewe jinsi dada mwenzake alivyovunjika moyo, kwa kumhurumia tu. Mume akamwambia mtu kazini. Hapakuwa na msaliti, jamani. Kila mmoja alimwambia mwenzake kweli, na kweli ikatembea hivyo hivyo mkono kwa mkono mpaka ikafika ofisini.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshika kichwa. Na ni njiani ndipo lingine liliponijia, lile ambalo yeye mwenyewe hakulisema. Nilidanganya kikundini kwa Mwalimu Peresi: ndivyo alivyotaka niseme. Ningesema hivyo, baba angepona palepale, na daftari lingeandika kikundi, na jina la mwalimu, na sala zilizokatazwa. Uongo aliouchagua ulikuwa na shingo yake ndani. Alijua. Mwalimu wa kufuma anajua uzi gani ukivutwa nini kinafumuka. Nami miaka yote ile nilidhani amenitupa.

Loy nilimwendea kesho yake. Nikamwomba radhi mbele ya viatu vyake. Alicheka mpaka akakaa. Alidhani nilimnunia miaka ishirini kwa sababu ya kuungama vizuri kuliko mimi. Aliniuzia ndara kwa bei ya kawaida, hakupunguza hata kidogo.

Lakini msinidhanie nimepata jibu. Nani alikosea? Mimi na kidole? Baba na koti? Mama Zaituni aliyemfichia mwizi, na Mungu wake hakumuuliza? Dada Peresi alikosea alipodanganya au alipoungama? Nimewauliza wachungaji watatu na shehe mmoja. Kila mmoja alijibu haraka, na majibu hayakufanana. Wajukuu wangu huniuliza wawaambie walezi wao kila kitu au wasiwaambie. Siku nyingine nasema ndiyo, siku nyingine nasema chunga, na wananicheka kwamba Jaja hana msimamo.

Ila sijawamalizia ya uani. Baada ya lile kofi, yule wa viatu virefu alimsogeza afande kando kwa bega. Akachuchumaa mbele yangu, uso wake sawa na wangu, akaweka sauti ya upole, na mdomo wake ulinukia karafuu. Akasema, "Mutoto muzuri, usiogope, baba yako hatafanywa kitu. Niambie mimi tu, hapa kwa sikio. Ulisema nini?" Akageuza sikio. Kalamu ya afande ilikuwa tayari juu ya karatasi. Nilitafuta tena, vyote vinne, na sikupata hata kimoja, nilipata kile kile.

"Niliyosema nilimwambia Mungu. Wewe sikuambii."